Binti wa Duka Ana Mtu Wake

Siku duka la Fundi Miwani lilipotokea kwa mara ya kwanza kwenye ukurasa wa kwanza wa mtambo wa kutafutia mtandaoni, mimi nilikuwa juu ya stuli nabadilisha taa ya dirishani, na kwa muda wa kama dakika kumi niliamini kabisa kwamba nitaoa.

Ngoja nikueleze nilivyofika kwenye imani hiyo, usije ukaniona mjinga bure. Nataka unione mjinga ukiwa na ushahidi.

Wiki sita kabla ya hapo niliitwa kuirekebisha tovuti ya duka lile. Duka lenyewe ni jembamba kama korido. Mbele kuna kabati la vioo lililojaa fremu, ukutani ubao wa herufi za kupimia macho, halafu pazia la kijani, na nyuma ya pazia karakana yenye mashine ya kusaga lenzi inayolia kama mbu mwenye kifua. Wenye duka ni watatu. Yupo Fundi mwenyewe, mzee mpole ambaye ameunga miwani ya watu maisha yake yote na sasa macho yake mwenyewe yameingia ukungu; daktari alimwambia kilichokwisha kupotea hakirudi, kwa hiyo skrubu anazifunga kwa kupapasa. Yupo Shangazi, dada yake, anayekaa kaunta na kumtazama kila anayeingia kana kwamba amekuja kurudisha kitu alichoiba. Na yupo binti wa Fundi, wa pekee, ambaye wateja humwita Dada Miwani na baba yake humwita "mama" kwa kuwa amebeba jina la bibi yake.

Mimi waliniita Mtandao. Siku ya kwanza Shangazi aliniuliza jina, nikamtajia, akasema ni refu.

"Wewe utakuwa Mtandao," akaamua. "Na nisikilize, Mtandao. Umeletwa hapa kutengeneza tovuti. Usije ukatutengenezea mkwe."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Shida ilikuwa kwamba duka halikuonekana. Fikiria, duka la miwani lisiloonekana. Mtu akiandika kwenye simu kwamba anatafuta fundi wa miwani mtaani pale, mtambo unamletea kliniki, muuza samani, mtu aliyekwisha kufa ambaye tovuti yake bado inauza fremu za picha, na huko mbele kabisa, ukurasa wa tisa, ambako hafiki mtu ila aliyepotea, ndiko walikokaa wao. Sababu niliiona nusu saa ya kwanza. Juu ya tovuti kulikuwa na maneno makubwa: TUNAUNGA MIKONO KWA SIKU MOJA.

Kwa Fundi, kile kijiti kinachokwenda sikioni kinaitwa mkono, na mkono ukivunjika unaungwa. Kwa mtambo, kuunga mkono ni kuunga mkono. Kwa hiyo tovuti ilikuwa ikitembelewa na watu wanaotafuta namna ya kuandika barua za kuunga mkono maombi. Mmoja alipiga simu kabisa, akaomba duka limuunge mkono katika ombi lake la uhamisho kazini. Shangazi alimuuliza anatumia lenzi namba ngapi.

"Halafu, mzee," nilimwambia Fundi, "watu hawasemi mkono. Wanasema mguu. Mguu wa miwani umevunjika."

"Miwani haitembei," alijibu.

"Na haishiki kitu pia, mzee."

Tulibishana siku tatu. Aliyetuamua ni Dada Miwani. Alichukua daftari, akavuta kiti mlangoni, akaniambia nikae kando yake, na kila aliyeingia akamuuliza jambo moja tu: "Kimevunjika nini?" Alichojibu mtu tukakiandika kama kilivyo, bila kukipamba. Mguu. Mguu. Sikio la miwani. Kile kidude cha puani. Miwani ya mama imelaliwa. Mguu. Wiki nzima tuliandika hivyo, daftari likiwa nusu kwenye goti lake na nusu kwenye langu, na mimi nikayapeleka maneno yale kwenye tovuti, nikarekebisha saa za kufungua, nikaliweka duka mahali pake kwenye ramani, nikaipunguza picha ya Shangazi iliyokuwa nzito mpaka ukurasa unachelewa kufunguka. Shangazi aliposikia nimempunguza, hakuniongelesha siku mbili. Siku mbili nzuri sana.

Siku ya nne ya daftari, Dada Miwani alinipima macho. Aliniweka kwenye kiti, akazima taa, akainama na kile kitochi chake mpaka nikahisi pumzi yake kwenye kope.

"Soma mstari wa chini."

"Sioni mstari."

"Unaona nini?"

"Naona mtaalamu."

Akacheka taratibu bila kuondoa tochi. "Macho yako mazima," akasema. "Kinachokusumbua kiko mahali pengine, na hapo mimi sina lenzi."

Hapo nilitakiwa kusema neno. Mtu mwingine yeyote angesema. Mimi niliuliza kama kipimo hicho kina dhamana ya mwaka.

Sasa sikia jambo lililokuwa linamngoja kila mtu mle ndani. Yupo mwagizaji wa lenzi, mtu mzima mwenye maduka mawili makubwa na shingo isiyogeuka, ambaye amemtaka Dada Miwani. Shangazi anamwita "mkwe" tangu mwaka jana. Mpango wao ni huu: binti aolewe, duka lihamie kwa Mwagizaji, Fundi apewe meza yake kule na apapase skrubu zake kwa amani. Dada Miwani alikataa, akasema duka analiweza peke yake. Wakabishana mpaka Shangazi akatoa sharti: watu wakianza kuja wenyewe kwa hiyo tovuti kabla mwezi haujaisha, wa kutosha kuliendesha duka, habari ya Mwagizaji itakwisha na yeye Shangazi atanyamaza. Wasipokuja, binti ataolewa. Binti alikubali. Kwa maneno mengine, uhuru wa yule msichana ulikuwa mikononi mwangu. Au miguuni, kama tulivyokubaliana.

Na bado kuna jambo moja sijakuambia, ndilo baya. Kila ukurasa wa tovuti una kisanduku kidogo cha maelezo ambayo huyaoni ukiwa kwenye ukurasa wenyewe. Yanatokea mtu anapotafuta tu: jina la duka juu, na maneno hayo chini yake, kama mistari miwili. Wiki ya pili, nikiwa peke yangu karakanani, nilifika kwenye kisanduku kile na sikuwa na la kuandika. Nikajichekesha. Niliandika: *Tunatengeneza miwani ya kila aina, mguu ukivunjika lete. Fundi ni mpole, Shangazi mkali kidogo, na binti wa duka ana mtu wake, ila mwenyewe bado hajaambiwa.* Nikasema kesho nitabadilisha. Kesho yake nikasoma tena, nikatabasamu, nikaacha. Tulikuwa ukurasa wa tisa. Nani angefika huko? Kwa wiki nne nilitembea na siri ambayo ilikuwa imeandikwa hadharani mahali ambapo hapana mtu, na sijui nikueleze vipi raha yake. Kila siku nililisukuma duka lile juu, kutoka wa tisa kwenda wa sita, wa sita kwenda wa tatu, na sikukumbuka hata mara moja kwamba duka likipanda, maneno yanapanda nalo.

Turudi kwenye stuli.

"Mtandao, shuka," alisema Dada Miwani. Alikuwa amesimama chini yangu na daftari kifuani.

"Taa haijawaka."

"Watu saba," akasema kwa sauti ya chini ili Shangazi asisikie. "Saa sita haijafika, na saba wote wameuliza mguu. Wa mwisho kaniambia nimewaona kwenye simu, mko wa tatu kutoka juu. Shangazi alisema watu wakija atafanya nini?"

"Atanyamaza."

"Shangazi kunyamaza. Hiyo nayo ilikuwemo kwenye kazi uliyopewa?"

"Hiyo nimewaongezea tu, kwa upendo."

Lilinitoka lile neno. Yeye hakulirudisha. Alinitazama tu kutoka chini, na akitazama kwa namna ile unaweza kusahau nenosiri la akaunti yako ya kwanza.

"Jioni tukifunga usikimbie," akasema. "Nina jambo la kukuuliza."

"Uliza sasa hivi."

"Sasa hivi uko juu ya stuli. Utaanguka."

Akaenda zake nyuma ya pazia. Hizo ndizo dakika kumi nilizokuambia. Niliifunga taa ikawaka. Mteja wa saba, ambaye alikuwa bado anachagua kasha la miwani, alilitazama pazia, akanitazama mimi, akatabasamu. Nikamrudishia tabasamu. Nilidhani ni mtu mwenye roho nzuri.

Simu ya Shangazi ikalia.

"Shikamoo, mama mkwe," alijibu, akakaa sawa kama mtu anayepigwa picha. Alikuwa mama yake Mwagizaji. "Sisi wazima. Kazi zinaendelea... Eeh... Kwenye simu? Maneno gani?" Akanyamaza. "Hebu soma tena." Akaikandamiza simu sikioni. "Hapana, mama, hapana. Nipe dakika tano, nitakupigia mwenyewe."

Alikata simu. Akavaa miwani yake, akaanza kuandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, jina la duka la kaka yake. Mimi nilikuwa nashuka kwenye stuli. Mguu mmoja ulikuwa chini na mwingine bado juu nilipokumbuka kisanduku.

"'Tunatengeneza miwani ya kila aina,'" alisoma Shangazi, "'mguu ukivunjika lete. Fundi ni mpole, Shangazi mkali kidogo...'" Akanikata jicho. "'Na binti wa duka ana mtu wake.' Halafu nukta, nukta, nukta."

Nukta tatu. Mistari miwili ina kikomo, na maneno yakizidi mtambo unakata. Ulikuwa umeikata sentensi yangu shingoni. Ile nusu iliyokuwa mzaha, ile ambayo ingemfanya mtu acheke na kusema huyu kijana ni mpuuzi, haikuonekana. Kilichobaki hadharani, chini ya jina la duka, kwa kila aliyetafuta miwani tangu alfajiri, ni kwamba binti wa Fundi ana mtu.

"Kaka," Shangazi aliita. "Njoo huku. Na mwanao aje."

Mteja wa saba aliona hapamfai, akaaga. Fundi alitoka nyuma ya pazia akishika ukuta, binti nyuma yake akifuta vumbi la lenzi mikononi. Shangazi alisoma tena, polepole zaidi. Akaeleza mama mkwe alivyosema: kwamba wao ni watu wazima, kama binti ana mtu waambiwe waondoke kwa heshima, na kama hana, wapewe jibu leo hii hii, maana hawawezi kusubiri mwisho wa mwezi huku majirani wanasoma.

Uso wa Dada Miwani ulipoa tu, kama chai iliyosahauliwa.

"Nani kayaandika hayo?" aliuliza Shangazi, na hakumtazama mtu mwingine ila mimi.

"Subiri, dada," alisema Fundi. Alinyoosha mkono hewani mpaka akalipata bega la binti yake. "Aliyeandika tutamjua. Mimi nina swali langu. Mama, una mtu?"

Binti aliinamisha macho kwenye mikono yake.

"Kama yupo, sina ugomvi," mzee aliendelea. "Nisikie vizuri. Sura siku hizi sizioni, lakini sauti nazijua. Aje asimame hapa mbele yangu aseme mwenyewe, mimi ni fulani, nampenda binti yako. Nitamsikiliza. Hata awe hana kitu. Wa kwa Mwagizaji tutawaambia samahani, na dada yangu atanuna, tumeshamzoea."

"Kaka," alisema Shangazi.

"Nimesema atasikilizwa."

Dada Miwani aliinua macho akanitazama. Hakunisaidia kwa ishara yoyote, hakukonyeza wala kutikisa kichwa. Alinitazama wazi, mbele ya baba yake asiyeona na shangazi yake anayeona kila kitu, akasubiri. Nikajua swali la jioni lilikuwa lipi. Nikajua pia jibu lake. Mlango ulikuwa umefunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe, na kazi yangu ilikuwa kupiga hatua mbili na kusema sentensi moja isiyo na mzaha ndani yake.

Niliitafuta ile sentensi. Nakuapia niliitafuta. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kusema jambo likiwa limevaa kofia ya kuchekesha, ili likikataliwa niseme nilikuwa natania, na sasa nilipotakiwa kulitoa likiwa uchi ulimi uliganda. Shangazi akakohoa. Nikafungua mdomo.

"Ni kosa la kiufundi, mzee," nikasema. "Mtambo umekosea."

Sauti yangu niliisikia ikitua sakafuni.

Macho ya Dada Miwani yalikaa kwangu kitambo kidogo zaidi, jinsi mtu anavyoendelea kuutazama mlango baada ya mgeni kuondoka. Halafu yakatoka.

"Umesikia, baba," akasema. "Ni kosa la kiufundi. Sina mtu."

"Una hakika, mama?"

"Angekuwepo angesema."

Shangazi hakupoteza muda. "Basi sasa tuongee watu wazima. Kama huna mtu, Mwagizaji unamkatalia nini? Jana ungesema unalisimamia duka, ningekuelewa. Leo mtaa mzima umesoma kwamba una mtu. Ukikataa leo umethibitisha. Watasema yupo, tena ni wa kufichwa. Baba yako atajibu nini?"

"Dada, usimbane," alisema Fundi, lakini hakusema zaidi, na kidole chake kilikuwa kinapapasa ukingo wa kabati kana kwamba anatafuta skrubu iliyoanguka.

"Watu saba wamekuja leo, shangazi," alisema Dada Miwani. Hakuwa anabishana. Alikuwa anaaga.

"Wamekuja kwa miwani au wamekuja kumwona binti mwenye mtu?"

Mimi mwenyewe nilikumbuka tabasamu la yule wa saba. Dada Miwani alililaza lile daftari juu ya kaunta, akanyoosha mkono. "Nipe simu."

Alizungumza akiwa amesimama wima, mgongo kwangu. "Shikamoo, mama. Ni mimi mwenyewe. Hapana, hakuna mtu, ni tovuti iliharibika. Tumemwita fundi wake anairekebisha. Ndiyo, mama. Ndiyo, waje Jumamosi. Nimekubali." Akasikiliza kidogo. "Asante, mama." Akarudisha simu, akapita pembeni mwangu bila kunigusa, akaingia nyuma ya pazia.

"Na wewe," Shangazi aliniambia, sasa kwa upole wa mtu aliyeshinda, "nenda kayafute. Halafu ukusanye vitu vyako. Kazi imekwisha, tunaonekana."

Kompyuta yangu ilikuwa karakanani, juu ya meza ya kazi, katikati ya bisibisi na lenzi zisizo na fremu. Dada Miwani alikuwa ameiwasha mashine ya kusaga ingawa hakuwa anasaga chochote. Kelele yake ilitusitiri.

"Si kosa la kiufundi," nilisema.

"Najua."

"Ulijua?"

"Nani mwingine anaandika 'mguu ukivunjika lete'? Nilikujua kabla shangazi hajafika kwenye maneno yanayonihusu." Hakugeuka. "Nilidhani ni njia yako ya kuanza. Nikasema huyu mwendawazimu hajui kuanza kama watu, kaanza na mtaa mzima. Nikasema sawa, baba akiuliza atamalizia."

"Haikuwa imeisha. Imekatwa. Njoo usome yote."

Aligeuka, akainama kwenye skrini, na nywele zake zikanukia ile dawa ya kusafishia lenzi. Alisoma kisanduku chote mpaka mwisho. Midomo yake ilisogea kwenye yale maneno ya mwisho, *ila mwenyewe bado hajaambiwa.*

"Uliandika lini?"

"Wiki ya pili."

"Wiki ya pili." Alirudia kama mtu anayehesabu hatua alizopotea. "Tulikuwa hata hatujamaliza daftari. Wiki nne umekaa kando yangu, unaniuliza kama kipimo kina dhamana, na mashine ilikuwa inajua."

"Nilitaka kukuambia."

"Uliiambia mashine kwanza."

"Mashine hainitazami ninapoongea."

Hapo alikaribia kutabasamu, na lile tabasamu lililokosa kufika ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko machozi, maana hakulia.

"Ngoja nimwambie mzee sasa hivi," nilisema. "Yuko hapo nyuma ya pazia. Hatua nne. Namwambia ni mimi, nampenda binti yako, basi."

"Sasa?"

"Sasa."

"Sasa baba atasikia kwamba nilimdanganya mbele ya dada yake. Na mama wa watu nimemwambia kwa mdomo wangu kwamba hakuna mtu. Ukitoka hapo, Mtandao, yale maneno yanakuwa kweli, mimi nakuwa binti aliyekuwa na mtu wa kumficha karakanani, na baba anakuwa mzee ambaye hakuona, si kwa macho tu. Atacheka nani? Wewe unajua kuchekesha, niambie hapo atacheka nani."

Nilitafuta mzaha, ukanikosa. Ni mara ya kwanza kunitokea, na ilichagua siku mbaya.

"Dakika tano zilizopita ungeweza," akasema. "Baba alikufungulia. Mimi nilikuwa nimesimama. Nilikutazama mpaka nikaona aibu. Sekunde tatu tu, Mtandao. Hata nne."

"Niliogopa."

"Nilikuona. Mimi ndiyo kazi yangu, kutazama watu machoni. Niliona hofu, nikasema ataivuka." Alizima mashine. Karakana ikawa kimya sana, na sauti yake akaishusha. "Andika mapya. Nitakutajia."

Nilikaa. Alisimama nyuma yangu akanitajia, na mimi nikaandika kila neno kama lilivyo, bila kulipamba, kama tulivyofanya na daftari: *Miwani ya kusomea na ya jua. Mguu ukivunjika tunaunga siku hiyo hiyo. Kuanzia mwezi ujao tunahamia duka kubwa la lenzi, karibuni nyote.*

"Ni fupi," nilisema.

"Ndiyo. Wasikate tena."

Nikabonyeza kuhifadhi. Alikuwa bado nyuma yangu, mkono wake kwenye mgongo wa kiti, si kwenye mgongo wangu.

"Imebadilika?" akauliza.

"Kwenye tovuti imebadilika. Ila mtu akitafuta ataendelea kuona yale ya zamani kwanza, mpaka mtambo urudi wenyewe kuusoma ukurasa upya. Naweza kuuomba. Siwezi kuulazimisha."

"Unachukua muda gani kurudi?"

"Siku kadhaa. Wiki, mara nyingine. Zamani ulikuwa unapita kwetu mara moja kwa mwezi."

Mbele, Shangazi alikuwa anamweleza Fundi habari za Jumamosi, nani aje na nani aachwe, na mzee alikuwa anajibu eeh, eeh, kwa sauti ya mtu anayetafuta kitu gizani.

"Kwa hiyo siku hizo zote," alisema Dada Miwani, "bado nina mtu wangu."

"Siku hizo zote."

"Basi usiuombe," akasema. "Urudi kwa muda wake."

Akakiachilia kile kiti, akafungua pazia, akaenda kumsaidia baba yake kukaa.

Niliondoka bila kuuomba. Hilo ombi lake nililitimiza, na nadhani ndilo pekee nililowahi kumtimizia. Kitu nilichosahau, mimi niliyeitwa Mtandao, ni kwamba mtambo unapita mara moja kwa mwezi kwa walio ukurasa wa tisa. Duka linaloonekana, linalofunguliwa na watu kutwa nzima, unalitembelea kila siku.

Kesho yake asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, nilishika simu nikatafuta. Duka lilikuwa limepanda tena, sasa la kwanza kabisa, juu ya wote. Chini ya jina lake kulikuwa na maneno mapya, mistari miwili, yote yameenea.

Kazi yangu nilikuwa nimeifanya vizuri mno.